Nywele za Faustina

Baba,

Nilipokuwa kidato cha kwanza nilikuandikia barua kutoka bweni, nusu Dholuo, nusu Kiingereza, nawe ukanirudishia ileile kwa posta ikiwa imejaa wino mwekundu. Chini uliandika, "Andika Kiswahili kizima au usiandike." Nilinuna wiki nzima. Basi hii nayo ni ya Kiswahili kizima, kadiri ya uwezo wangu, na makosa yamo. Wa kuyasahihisha ndiye sina.

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Saruji ya kaburi imepata ufa upande wa ziwa, na Mama anasema ni jua, si fundi. Mama mwenyewe amegeuza kiti chako pale barazani. Sasa kinatazama boma la ng'ombe, kwa sababu kila akikiona kinatazama ziwa alikuwa akingoja ugeuke umwombe chai. Chai yenyewe anainywa bila sukari. Sukari uliyokatazwa wewe na daktari ndiyo aliyoiacha yeye, na ukimuuliza anasema ameizoea hivyo tu. Zile fulana tulizochapisha za mazishi, zenye picha yako ukiwa na koti la kijivu, yangu nimeifua mara mbili na sikio lako la kushoto limebanduka. Sijaifua tena. Nimeikunja nikaiweka kabatini.

Kibandani kwangu Migori stuli yako ipo palepale nyuma ya mizani. Wachimbaji wanakuja na dhahabu yao kwenye karatasi, wanaangalia stuli, wananiuliza, "Mwalimu alipotea wapi siku hizi?" Nikiwaambia wanavua kofia. Mmoja alisema, "Pole sana, madam, huyo mzee alikuwa ananisomesha hata kama sitaki." Nilicheka, kisha nikashindwa kusoma mizani kwa sababu ya machozi, na yeye akangoja bila kuniharakisha. Watu wa migodini wana adabu kuliko wanavyosemwa.

Ninazungukazunguka. Ungekuwa hapa ungenigongea meza kwa kidole.

Nilikudanganya, Baba. Siku tatu kabla hujafa, pale wodini Homa Bay, uliniuliza juu ya sarafu ya kumi na mbili nami nikakupa jibu la uongo nikikutazama machoni. Nimekwenda kaburini mara tano nikikusudia kulisema, na mara zote tano nimeishia kung'oa magugu. Mama huwa karibu. Na hata asipokuwa karibu, mdomo wangu haufunguki. Ndiyo maana ninaandika.

Acha nianze mwanzo, nisije nikayaruka makosa yangu mwenyewe.

Unakumbuka siku uliyokuja na lile kopo la tumbaku ndani ya koti? Ndiyo kwanza nilikuwa nimenunua mizani mpya, ile inayohisi hata unywele. Ulikaa kwenye stuli, ukangoja mteja aondoke, ukaniuliza, "Mizani yako inaweza kupima mfalme?" Nikadhani umekunywa, nawe hata busaa hukuwahi kuonja. Ukafungua kopo, na ndani, katikati ya pamba, mlikuwa na vipande kumi na viwili vya fedha vyeusi, vidogo kuliko shilingi yetu, hata mviringo wake si kamili. Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza habari ya yule padre mzee Mholanzi aliyekufundisha Kilatini seminari, kabla hujaacha njia ya upadre kwa ajili ya Mama. Alipokuwa anarudi kwao na macho yamekwisha, alikuachia sarafu za baba yake, kwa sababu ati wewe peke yako darasa zima ndiye uliyependa Kilatini kuliko mpira. Ulizificha zaidi ya miaka thelathini. Ulisema ulikuwa ukiogopa kuzisoma, kwa kuwa kuzisoma kungekukumbusha njia uliyoiacha. Ulipostaafu uliona hofu nayo imestaafu.

Jumamosi zikawa zetu. Uliniwekea lenzi mkononi, mimi mwanamke wa dhahabu niliyeangushwa na historia kidato cha nne, ukaniambia nianze chini kushoto, nyuma ya shingo ya yule mtu, nizunguke kama mkono wa saa. Herufi zote zimeshikana, hakuna nafasi kati ya neno na neno. V ndiyo U ya Warumi. IMP ni jemadari, AVG ni cheo cha mfalme, P M ni kuhani mkuu, P P ni Baba wa Taifa. Hapo ulicheka hadi ukakohoa, ukasema kumbe hata cheo hicho ni kikuukuu. "Fanya kama unasoma bango la mheshimiwa," ukaniambia. "Ondoa vyeo. Kinachobaki ndiye mtu."

Nikaondoa vyeo. Akabaki Trayano. Jumamosi nyingine akabaki Hadriano na ndevu zake, kisha Vespasiano, yule mwenye shingo nene uliyesema anafanana na mwenye duka la mbao pale Uriri. Ulikuwa ukiwataja kama majirani. Mama alikuwa akiuliza, "Leo mmekutana na nani?" nawe unamjibu kwa uzito kama umetoka baraza la chifu. Nikikosea kusoma hukuwahi kusema nimekosea. Ulikuwa ukiuliza swali jingine tu, dogo, lililonirudisha mahali nilipoteleza. Ana ndevu au hana? Taji ni la majani au la miali? Nami nikilisikia swali najua nimeharibu, narudi kwenye lenzi.

Siku moja tu ndiyo tuliyobadilishana nafasi. Sarafu ya saba ilikuwa na kila kitu mahali pake, jina, sura, uzito uliokaribia, na wewe ukawa tayari kuiandika daftarini. Mimi nikaiona ukingoni rangi ya kijani nisiyoipenda. Nikaifunga uzi, nikaitumbukiza kwenye bilauri ya maji juu ya mizani, kama ninavyofanya na dhahabu ya mtu nisiyemwamini. Ikapungua uzito kupita ilivyopaswa. Ilikuwa shaba iliyovishwa fedha, kazi ya tapeli wa zamani zao. Ulivua miwani. Ukasema, "Leo mwalimu ni wewe," ukatoka nje ya kibanda ukaenda kuninunulia soda, mzee mzima, ukarudi nayo ukiwa umeishika kwa mikono miwili. Sijawahi kupewa cheti nikafurahi hivyo.

Na zile karatasi za sigara. Hukuvuta hata siku moja, lakini kule nyumbani Karungu nzima ilijua mwalimu huokota pakiti tupu za sigara dukani, na kuna waliosema uzee umekuletea tabia. Ulikuwa ukitoa ile karatasi ya ndani inayong'aa, unailaza juu ya sarafu, unaibonyeza kwa kifutio cha penseli, taratibu, kuanzia katikati kwenda nje, mpaka sura inatokea. Ulinieleza kwamba jicho hudanganywa na weusi wa fedha, lakini karatasi haioni rangi, inaona mwinuko tu. Nilikuona unatumia nusu saa kwa sarafu moja. Nilikuwa nikikuambia, "Baba, mimi hiyo nusu saa nimeshahudumia watu sita." Nawe ukaniambia ndiyo maana najua bei na sijui kitu.

Ya kumi na mbili ulinipa. Ulisema kumi na moja tumesoma pamoja, hii nisome mwenyewe, nawe hutatia neno. Ilikuwa ya mwanamke. Gamba jeusi lilikuwa limefunika utosi wake wote na mwanzo wa maandishi, na mbele ya uso zilibaki herufi tano tu, STINA. Kwa hiyo nikajua ni Faustina, na wewe ukasema ndiyo, lakini Faustina yupi? Walikuwa wawili, mama na binti, jina moja, wote wake za wafalme. Mama alifunga nywele juu ya kichwa. Binti, mara nyingi, alizifunga nyuma ya shingo. Na mama alikufa mapema. Mumewe akaagiza sarafu zenye sura yake zipigwe miaka mingi baada ya mazishi, na mwanzoni mwa jina zikaandikwa DIVA. "Ukiona DIVA," ulisema, "jua mwenye sura hii alikuwa kaburini, na kuna mtu aliyeshindwa kumwachilia. Sisi tunachapisha kwenye fulana, wao walichapisha kwenye fedha."

Kisha ukanitazama, ukasema jina halifi, linabadilisha mtu tu. Maana mimi ni Akinyi kwa sababu mama yako alikuwa Akinyi. Ndiyo sababu uliniita mama tangu nikiwa na miaka sita, nami nikijivuna mbele ya wenzangu kwamba nimezaa mwalimu. Nilielewa kwa nini hii ndiyo uliyonichagulia.

Nilikaa nayo miezi minane. Nitasema ukweli, siku nyingi hata sikuigusa. Dhahabu ilikuwa nyingi, watu ni wengi, nikasema Faustina amengoja miaka elfu na mia nane, atangoja msimu wa mvua upite. Kumbe anayeweza kungoja ni yeye, si wewe.

Kifua kikakushika. Wakakupeleka Homa Bay kwa sababu shangazi anaishi pale na angeweza kukuletea uji asubuhi na jioni. Nilipokuja wiki ya kwanza ulikuwa unaongea vizuri, ukaniuliza, "Umeisoma?" Nikasema bado kidogo. Wiki ya pili sauti ilikuwa imeshuka, na swali likawa lilelile. Nikaona kwamba hili ndilo jambo moja unalolingoja. Hukuuliza habari ya ng'ombe wala ya shamba la chini. Nikarudi Migori nikiwa nimeapa kwamba nitakuletea jina la huyo mwanamke hata iweje.

Nilijaribu karatasi ya sigara. Nilijaribu mara moja. Niliibonyeza kwa ukucha kwa haraka yangu, ikapasuka kwenye pua yake, nikaitupa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo. Katika kazi yangu fedha ni uchafu. Dhahabu yetu hutoka ardhini imechanganyika na fedha, na asidi kazi yake ni kuila fedha ili dhahabu ibaki peke yake. Miaka tisa nimefanya hivyo. Kama kuna mtu Migori yote aliyejua asidi ile humfanya nini Faustina, ni mimi. Hakuna wa kunionea huruma kwamba sikujua. Lakini mkono una mazoea yake, Baba. Ukiona kitu cha thamani kimefunikwa na weusi, mkono unakwenda kwenye ile chupa kabla akili haijauliza. Nilijiambia nitaizimua kwa maji mengi. Nilijiambia ni kulamba gamba tu, dakika moja, halafu nasuuza.

Nikaitia kwenye kikombe kidogo cha kioo. Gamba likaanza kulegea, na kweli, haki ya Mungu, niliona mstari wa nywele na nusu ya herufi ya kwanza. Simu ikalia. Ni shangazi. Akasema, "Akinyi, kuja leo. Usingoje kesho. Mzee anaulizia wewe tu." Nikauliza unapumua vipi, umekula, daktari amesema nini, nikatafuta viatu, nikafunga dirisha la mbele, nikahesabu nguo za kubeba. Niliporudi kwenye kikombe maji yalikuwa yamekuwa ya buluu.

Niliitoa. Ilikuwa nyepesi mkononi, nyeupe, imejaa vitundu vidogo kila mahali. Hapakuwa na nywele. Hapakuwa na STINA. Uso ulikuwa umebaki kama kipande cha sabuni cha siku ya mwisho, unajua tu kwamba hapa palikuwa na pua. Kitu kilichovuka karne zote hizo, kikavuka bahari, kikakaa kabatini kwako salama na mende, kimekuja kufia mikononi mwangu kwenye kikombe, saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi. Sikulia. Nilisimama tu. Nilisikia nje mtu anagonga akiuliza kama nimefungua.

Nikaifunga kwenye leso, nikaja Homa Bay.

Ulikuwa umeegemezwa mito miwili, na dirisha lilikuwa wazi. Shangazi alitoka kutupisha. Hukunisalimu hata. Ulisema, "Umeisoma?"

"Nimeisoma, Baba."

"Ni nani?"

Nilikuwa nimeshatayarisha jibu njiani, toka Rongo. Nikasema ni binti. Nikasema maandishi ni FAVSTINA AVGVSTA, na ilipigwa akiwa hai. Sikuwa na sababu ya kuchagua binti isipokuwa moja, kwamba sikuweza kutamka DIVA mbele ya kitanda kile. Niliona nikilisema nitakuwa nimekubali.

Kisha ukaniuliza, "Nywele zimefungwa wapi?"

Nikasema, "Nyuma."

Ulinitazama muda mrefu. Nilidhani ni uchovu. Nikangoja unyooshe mkono uombe kuiona, na leso ilikuwa hapo kwenye mkoba na ndani yake hakukuwa na mtu. Hukuiomba. Ulisema, "Haya, mama," ukafumba macho. Ulipoyafumbua uliomba maji. Hatukuzungumza tena habari ya sarafu, Ijumaa wala Jumamosi. Jumapili watu wakiwa kanisani ukaondoka.

Kwenye mazishi yule mtangazaji alivisoma vyeo vyako vyote. Mwalimu mkuu mstaafu, katekista, katibu wa maji, mwenyekiti wa wazazi, mlezi wa kwaya. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa na fulana yangu, nikaviondoa kimoja kimoja kama ulivyonifundisha, na aliyebaki alikuwa mzee wa koti la kijivu aliyeniuliza swali, nikamjibu uongo. Hata hivyo nilikuwa na faraja moja. Nilijiambia, amekwenda ameridhika. Amepata jina. Ni jina la uongo, lakini yeye hakujua, kwake lilikuwa kweli. Niliishi na hiyo wiki sita, na nilikuwa nikilala.

Ikafika siku ya tedo. Sisi mabinti tulioolewa tukarudi nyumbani kwako na kuku wetu na unga wetu, tukapika kama desturi inavyotaka, na jikoni palikuwa na kelele na hata kicheko, kama ambavyo ungependa. Mama akanituma kabatini kwako nilete kitambaa cha meza. Chini ya kitambaa palikuwa na lile daftari lako la jalada la bluu. Nilijua yaliyomo mbele, sarafu moja hadi kumi na moja, mwandiko wako uliosimama kama askari. Sikuwa na nguvu ya kuuona mwandiko ule. Kwa hiyo nililifungua kutoka nyuma, nikidhani nyuma ni kutupu, nilishike tu mkononi.

Wewe ulitufundisha sisi wote, wanao na wanafunzi wako, kwamba anayefunua nyuma ya kitabu cha hesabu kutazama majibu ni mwizi. Miaka yote ya Jumamosi daftari lile lilikaa mezani kwangu, sikuwahi kulifunua nyuma.

Kwenye ukurasa wa mwisho ulikuwa umebandika karatasi ya sigara, na juu yake alikuwepo. Uso wote. Pua iliyonyooka, kidevu kizito kidogo, na nywele zimesukwa zikazungushwa zikakusanywa juu ya utosi kama kata ya kubebea mtungi. Herufi nne za mwanzo zilisomeka bila hata lenzi. Chini uliandika kwa wino mwekundu: "Na. 12. DIVA FAVSTINA. Nywele juu ya kichwa. Ni mama, si binti. Ilipigwa baada ya kufa kwake. Akinyi asiambiwe. Ana mkono mzuri na haraka nyingi. Aisome mwenyewe."

Mwandiko ulikuwa imara. Uliandika kabla hata hujanipa. Ulijua tangu mwanzo, Baba. Hukuwa unaniuliza ili ujue. Ulikuwa unaniuliza kama unavyomuuliza mtoto darasani.

Basi pale wodini ulisikia. Nilipokuambia binti, ulisikia. Ndipo ukauliza lile swali dogo la kunirudisha mahali nilipoteleza, kama Jumamosi zote, nawe huna pumzi ya kupoteza, ukaitumia pumzi hiyo kunipa nafasi ya kurudi. Nami nikasema nyuma.

Nilikaa sakafuni pale kabatini mpaka Mama akaja kutafuta kitambaa chake. Nilimwambia ni moshi wa jikoni.

Tangu siku hiyo sina hata ile faraja. Najaribu kusoma ile "Haya, mama" uliyoniambia na siwezi. Sijui kama uliielewa hofu yangu ukanihurumia. Sijui kama ulidhani sikuisoma kabisa, nimebahatisha kama mwanafunzi mvivu. Sijui kama ulikisia kwamba nimeiharibu, ndiyo maana hukuiomba kuiona, ili usiniaibishe. Au ulichoka tu nami ukaniacha. Naligeuza hili neno asubuhi nikichemsha chai na mchana nikipima, na hakuna lenzi ya kulisomea. Watu wananiambia muda utaponya. Wao wanadhani ninalia kwa sababu umekufa. Kufa ulikuwa mzee, ningelia nikanyamaza. Ninalia kwa sababu maneno yangu ya mwisho ya maana kwako yalikuwa uongo, nawe ulijua, na hakuna pa kwenda kusahihisha.

Nilifikiri kumwambia Mama. Nikamwona anakunywa chai yake isiyo na sukari, nikaacha. Nilifikiri kuitupa ile sarafu ziwani. Nikaona huo ungekuwa uongo wa pili. Imo koponi kwenye pamba, mahali pake, na wenzake kumi na mmoja, akiwemo tapeli wa shaba, ambaye sasa ana uso kuliko yeye.

Na ile karatasi ya sigara inalegea. Nilipofungua daftari siku ile kidole changu kiligusa ukingo, herufi ya A ikalala. Nimegusa mara moja tu, Baba, na tayari. Ni kitu laini mno kubeba sura ile. Siku moja atakayefungua atakuta karatasi imenyooka tu, inang'aa, na maneno yako chini yake.

Wino mwekundu ninao, niliununua mwezi uliopita. Nilitaka kuandika chini ya mwandiko wako: Na. 12 iliharibiwa kwa asidi na Akinyi, binti wa mwenye daftari, aliyekuwa akijua. Nimefungua kalamu mara mbili nikaifunga. Lakini nakuahidi nitaandika. Tutakapokutana nyumbani mwisho wa mwaka kwa ibada yako ya kumbukumbu, nitaandika mbele ya Mama na mbele ya wote, na nitawaeleza nilichokuambia Homa Bay, hata kama sitakula nao tena kwa amani. Na zile kumi na moja hazitaguswa na chupa yangu wala ya mtu mwingine nikiwa hai. Wanangu nitawafundisha kuanzia chini kushoto. Nitawafundisha nusu saa yako ya kifutio cha penseli, ingawa mkono wangu una haraka, na wakinipita kwa subira nitashukuru.

Sikuombi msamaha kwa sababu huwezi kunijibu, nami nimeshajijibu vya kutosha. Lala, Baba. Lala, mwanangu, kama alivyokuwa akikuambia yule Akinyi wa kwanza. Mimi nilibeba jina lake na sikubeba ukweli wake.

Ila swali lako bado liko wazi, nawe hukuzoea kufunga somo likiwa na swali wazi. Uliniuliza nywele zimefungwa wapi.

Juu, Baba. Zimefungwa juu ya kichwa. Ni mama, na alikuwa amekwisha kufa.

Akinyi wako